Bashiqa: Mji wa Mizeituni na Makawali

Kaskazini mashariki mwa Mosul, katika uwanda wa Ninawi nchini Iraki, upo mji wa Bashiqa, ambao pamoja na jirani yake Bahzani umekuwa kwa karne nyingi makao ya Wayazidi na ya Wakristo Waashuri, wengi wao wakiwa waumini wa Kanisa la Kiorthodoksi la Kisiria. Jumuiya zote mbili huzungumza Kiarabu nyumbani na sokoni, lakini kila moja husali kwa lugha nyingine: Wakristo kwa Kisiria, ambacho ni tawi la Kiaramu, na Wayazidi kwa Kikurmanji, lahaja ya Kikurdi.

Kwa Wayazidi jambo hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa dini yao, inayofundisha kwamba Mungu mmoja aliukabidhi ulimwengu kwa malaika saba wakiongozwa na Malaika Tausi, haikusimama juu ya kitabu bali juu ya tungo takatifu ziitwazo qewl, na wenye kuzihifadhi vifuani ni makawali, yaani waimbaji wa kurithi, ambao maskani yao ni Bashiqa na Bahzani. Mtoto wa ukoo huo hufundishwa na wazee wake kughani, kupiga tari na kupuliza filimbi. Zamani makawali walisafiri hadi Kaukazi wakibeba sanjaki, kinara cha shaba chenye sura ya tausi, wakawafikishia mafundisho waumini ambao hawakujaliwa kuzuru Lalish, penye kaburi la Sheikh Adi. Hivyo ndivyo mji mdogo wenye kusema Kiarabu ulivyokuwa hazina ya dini ya watu ambao wengi wao husema Kikurdi.

Agosti 2014 kundi lililojiita Dola la Kiislamu liliuteka mji, wakazi wengi wakiwa wamekwisha kukimbia. Makuba ya Wayazidi yenye vilele vilivyochongoka yakabomolewa, makanisa yakaharibiwa, na mizeituni, iliyowapa watu riziki kwa mafuta na sabuni, ikachomwa moto. Peshmerga, askari wa Kikurdi, waliukomboa Novemba 2016, na makuba yamejengwa upya. Lililo gumu kufidiwa ni kutawanyika kwa familia, kwani ingawa tungo nyingi zimechapishwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, maandishi hayafundishi lahani wala mapigo ya tari, na kijana wa ukoo wa makawali aliyekulia Ujerumani bado anamhitaji mwalimu aliyebaki Bashiqa.