Nyota za Kliniki, Siri za Mgonjwa

Binti anayefanya kazi Nairobi anapigiwa simu jioni: mamake huko Mbooni anakohoa, na hii ni wiki ya pili. Kabla ya kutuma pesa anafungua ramani ya Google, anatafuta kliniki zilizo karibu na Kikima au Tawa. Moja ina maoni matatu na nyota zake, nyingine haina hata neno. Pesa zinaelekea kwenye ile yenye maoni.

Hapo ndipo biashara ya afya ilipofika katika vilima hivi vya Makueni. Anayetibiwa yuko kijijini, lakini anayelipa huenda yuko Nairobi, Mombasa au Athi River, wala hana jirani wa kumuuliza Jumapili baada ya ibada. Mwenye kliniki ndogo naye hawezi kupigana kwa bei. Oktoba 2016 serikali ya Gavana Kivutha Kibwana ilizindua MakueniCare, ambapo familia ilijiandikisha kwa shilingi 500 kwa mwaka ili itibiwe katika hospitali za kaunti. Tangu Oktoba 2024 kuna SHA, bima ya afya ya serikali ya kitaifa. Kliniki ya binafsi imebaki kushindania foleni fupi, dawa zisizokosekana, na jina zuri. Jina hilo sasa linapimwa kwa nyota, na ndiyo maana wagonjwa wameanza kuombwa waandike maoni.

Kuomba si kosa. Kosa liko katika namna ya kuomba, na hapa naona wengi wanateleza bila nia mbaya. Mgonjwa amelipa kwa M-Pesa, bado ameshika karatasi ya dawa. Msichana wa mapokezi ananyoosha mkono: "Lete simu, mwaitu, nikuwekee nyota." Mama anaitoa. Atakataaje, na huyu ndiye atakayemwita jina wiki ijayo akirudi kupimwa presha? Nyota tano zinapanda, lakini mama hajasema lolote. Aliyesema ni kliniki, kwa simu ya mama.

Kwa miaka mingi maadili ya udaktari Kenya yalimzuia daktari kujinadi. Leo anaweza kutangaza jina lake, elimu yake, huduma na saa za kazi, ila asijitukuze juu ya wenzake wala asiahidi uponyaji. Anayesimamia hayo ni Baraza la Madaktari, KMPDC. Maafisa wa kliniki, ambao ndio "daktari" kwa watu wengi wa mashambani, wana baraza lao, na mwenye kemisti yuko chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Australia imefunga mlango zaidi: sheria yake inakataza kutumia ushuhuda wa mgonjwa kutangaza huduma ya tiba. Mgonjwa akiandika mwenyewe mahali ambapo kliniki haina mamlaka, hayo ni maoni yake. Kliniki ikiyanakili kwenye bango lake, yamekuwa tangazo. Mpaka huo unafaa uchorwe hata kwetu, maana "nilipona sukari kabisa hapa" ikibandikwa ukutani ni ahadi ambayo hakuna daktari mwaminifu angeitoa kwa kinywa chake.

Kisha kuna siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule ya Roma, Uthiru, shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto. Ikiwa picha ya mtu kwenye starehe ilifika bei hiyo, mwenye kliniki anayepiga picha za akina mama waliojifungua ili azipachike Facebook aketi kwanza na kalamu apige hesabu.

Hatari kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwenye kujibu. Mgonjwa analalamika, daktari anapandwa na hasira, anaandika: "Tulikupa dawa za sukari ukaacha kumeza." Dallas, Marekani, kliniki ya meno ililipa dola 10,000 mwaka 2019 kwa kufichua habari za mgonjwa katika majibu ya namna hiyo. Na Dallas ni jiji. Mbooni, jina moja na la kijiji yanatosha. Kufikia siku ya soko kila mtu anajua sukari ni ya nani.

Njia safi ipo, na haina gharama kubwa. Mgonjwa aende nyumbani kwanza. Ujumbe mmoja wa simu utumwe kwa wote waliokubali kupokea, aliyeridhika na aliyekasirika, bila punguzo la bei wala zawadi, ambazo Google yenyewe inazikataza. Umwambie hahitaji kutaja ugonjwa wake. Lalamiko likija, jibu liwe fupi: "Asante kwa kutuandikia. Tafadhali tupigie tuzungumze." Jibu hilo halikiri hata kwamba mtu huyo aliwahi kutibiwa hapo.

Maoni yatakayopatikana hivyo yatakuwa machache, na mengine machungu. Lakini tumrudie yule binti wa Nairobi. Mtu ameandika kwamba alisubiri dakika ishirini, dawa zote zilikuwepo, risiti alipewa. Mwingine amelalamika kwamba alifika Jumamosi alasiri akakuta pamefungwa. Binti anatuma nauli Alhamisi, mama apande matatu Ijumaa asubuhi.