Kassaman: wimbo wa taifa ulioanza kama kiapo cha vita

Tarehe 1 Julai 2019, Taifa Stars walipokutana na Algeria kwenye AFCON kule Cairo, tulipigwa tatu bila. Wenzangu wengi wanakumbuka mabao. Mimi nilibaki na nyimbo mbili za kabla ya mpira. Wetu ni sala, tunamwomba Mungu abariki. Wao ni kiapo. Jina lenyewe, Kassaman, maana yake ni "tunaapa". Sasa kwa nini taifa zima liape? Jibu liko vitani.

Ufaransa iliivamia Algiers mwaka 1830 na utawala wake ukadumu miaka 132. Algeria haikuhesabiwa kuwa koloni tu. Ilitangazwa kuwa sehemu ya Ufaransa yenyewe. Walowezi karibu milioni moja walishika ardhi nzuri na siasa, huku Waislamu karibu milioni tisa wakiwa raia wa daraja la pili katika nchi yao. Tarehe 1 Novemba 1954 chama cha FLN kikaanza mapambano ya silaha. Ufaransa ilikataa hata kuyaita vita. Kwenye karatasi zake ilikuwa ni kazi ya kulinda utulivu tu, na ni mwaka 1999 ndipo Bunge lake lilipokubali kisheria neno "vita".

Basi, watu wanaopigana wanahitaji wimbo. Kazi hiyo akapewa Moufdi Zakaria, mshairi mzaliwa wa Beni Isguen katika bonde la M'zab, ambaye tangu miaka ya 1930 alikuwa akivitungia nyimbo vyama vya kudai uhuru. Simulizi linalofundishwa Algeria ni kwamba aliandika beti zake tano mwaka 1955, akiwa mfungwa katika gereza la Barberousse, Algiers. Hilo halikuwa gereza la mchezo. Tarehe 19 Juni 1956, Ahmed Zabana na Abdelkader Ferradj walikatwa vichwa humo kwa gilotini, wa kwanza kati ya wapiganaji wengi walionyongwa au kukatwa vichwa katika vita hiyo.

Hapo ndipo unapoelewa kwa nini ni kiapo. Sala inaacha jibu mikononi mwa Mungu. Kiapo kinamfunga aliyekitamka. Katika harakati za siri, ambako mwenzako humjui hata jina lake la kweli, neno lake ndilo dhamana pekee uliyo nayo. Muziki unaopigwa leo uliwekwa na Mohamed Fawzi, Mmisri, mwimbaji na mwigizaji wa filamu. Kwa hiyo wimbo huo ulipopigwa Cairo siku ile, kwa namna fulani ulikuwa nyumbani.

Wanafunzi nao walikuwemo. Tarehe 19 Mei 1956, umoja wa wanafunzi Waislamu wa Algeria, UGEMA, ulitangaza mgomo usio na kikomo wa masomo na mitihani. Hoja yao ilikuwa kali: shahada moja zaidi haitatufanya kuwa maiti bora. Wengi wakaacha vitabu wakaingia msituni. Sisi tunaokosa usingizi kwa kuogopa sapu, tujaribu kupima uzito wa uamuzi huo. Hawakugoma kwa sababu ya bumu kuchelewa. Waliweka maisha yao yote mezani, na wengine hawakurudi darasani kamwe. Mwaka 1958 Ufaransa ikaufuta umoja wao. Hadi leo 19 Mei ni Siku ya Mwanafunzi Algeria.

Uhuru ulipatikana Julai 1962, na mwaka uliofuata Kassaman ikawa rasmi wimbo wa taifa. Lakini vita ikiisha, maneno ya vita yanabaki. Ubeti wa tatu unaitaja Ufaransa kwa jina na kuiambia kwamba siku ya hesabu imefika. Kwa miaka mingi hafla nyingi zilitumia toleo fupi lisilo na ubeti huo. Mwaka 2023 Rais Tebboune alipotoa amri wimbo uimbwe wote katika hafla fulani za kitaifa, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa alisema wazi kwamba maneno hayo yamepitwa na wakati.

Mimi nadhani ubeti huo ubaki. Wimbo wa taifa ni ushahidi pia, na shahidi hakatwi ulimi kwa sababu mshtakiwa ameona aibu. Ila ushahidi huo unawahusu watawala wa nyumbani vilevile. Zakaria mwenyewe alitofautiana na serikali baada ya uhuru, akafariki Tunis mwaka 1977, nje ya nchi aliyoiapia. Kiapo kilichowabana wakoloni hakikukoma walipoondoka. Kiliendelea kuwabana waliorithi ofisi zao. Ndiyo maana kila utawala unaosimama kuimba Kassaman, yaani hata bila kutaka, unakuwa umeapa upya mbele ya raia wake.