Je, Wajua? Adapta ya Kupandia Theluji

Hapa Kimironko, wilayani Gasabo, adapta hujulikana kwa kupatanisha plagi ya ng'ambo na soketi ya ukutani; lakini je, wajua kwamba katika milima ya Ulaya iko adapta ya buti la mtelezaji thelujini? Vibano vya skii za kuteremkia hulibana buti mbele na nyuma, hata mguu usiweze kupiga hatua ya kupanda. Basi asiyemudu vibano vya kupandia, ambavyo ni ghali mno, hupachika ndani ya vibano vyake fremu yenye bawaba penye vidole, kisigino kikapata kuinuka, na chini ya skii akabandika utepe wa nyuzi zilizolala upande mmoja, usiomruhusu kurudi nyuma. Afikapo kileleni huvivua vyote viwili, akavitia mkobani, akateremka. Mtelezaji Philip Boit wa Kenya, aliyeshindana katika Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, hakuhitaji adapta, kwa kuwa skii za mbio za nyika huacha kisigino huru tangu asili. Kasoro ya fremu hiyo ya kupandia ni uzito na kuyumba: kwa mpando mfupi yafaa, bali kwa safari ya siku nyingi ni heri kukodi vibano halisi.