GARI LA TAJIRI LILIPOKWAMA FORODHANI

Mpenzi msomaji, wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Aghalabu tunaitumia methali hiyo kwenye insha ili tuzoe alama, lakini moyoni tunaamini ile nyingine isemayo mwenye nguvu mpishe. Leo nitakueleza kisa cha gari moja, kisha uamue mwenyewe ni ipi yenye ukweli.

Gari lenyewe ni Porsche 959, lililoundwa Ujerumani katika miaka ya themanini. Jamani, hilo halikuwa gari la kubebea kabeji! Injini yake ilikuwa na nguvu za farasi 450, magurudumu yote manne yalivuta, na mbio zake zilifika takriban kilomita 317 kwa saa. Mwaka wa 1986, 959 la mashindano lilishinda mbio za Paris–Dakar. Yote yaliyoundwa hayakufika hata 400. Bill Gates na Paul Allen, waanzilishi wa kampuni ya Microsoft, kila mmoja aliagiza lake.

Hapo ndipo mambo yalipokwenda mrama. Tangu mwaka wa 1966 Marekani ina sheria ya usalama wa magari. Gari jipya haliingii mpaka lithibitishwe kwamba likigongana, waliomo ndani watalindwa jinsi sheria inavyotaka. Ili kuthibitisha hayo, kiwanda hutoa magari kadhaa yakagongeshwe ukutani makusudi! Porsche walikataa katakata. Walikuwa wakiliuza 959 kwa hasara, sasa wavunje manne bure bilashi? Fauka ya hayo, ilikuwepo sheria nyingine ya moshi, inayolinda hewa.

Basi gari la Gates lilipofika San Francisco, maafisa wa forodha walilizuia. Lilikaa huko takriban miaka 13. Elewa vyema, msomaji: hakuna aliyesema kwamba gari lilikuwa bovu. Kilichokosekana ni ushahidi kwamba ni salama. Na mwenyewe si mtu wa hivi hivi, kwani mwaka wa 1995 jarida la Forbes lilimtaja kuwa tajiri nambari moja duniani.

Nilipomsimulia mjomba wangu, ambaye ni makanika, alicheka mpaka spana ikamponyoka. "Mpwa wangu, si angetoa kitu kidogo tu yaishe?" akauliza. Nilicheka pia, lakini swali hilo liliniuma. Kwa nini ndilo la kwanza kutujia akilini?

Waliolitaka gari hilo walishika njia ndefu. Waliajiri mawakili, wakapeleka hoja yao Kongresi, na mwaka wa 1998 Rais Bill Clinton akatia sahihi sheria iliyowafungulia mlango. Kanuni zake zilianza kutumika mwaka wa 1999. Gari lenye umuhimu wa kihistoria au wa kiteknolojia laweza kuingizwa kwa maonyesho bila ya majaribio ya kugongeshwa. Hata hivyo, mlango huo ni mwembamba. Kwa kawaida yawe hayakuundwa zaidi ya 500, serikali ikubali ombi la mwenye gari, na lisiendeshwe zaidi ya maili 2,500 kwa mwaka, yaani kama kilomita 4,000. Sheria ya moshi nayo haikuondolewa.

Kuna mlango mwingine ambao ni wa subira. Gari likitimiza miaka 25, Marekani hailidai tena masharti hayo ya usalama. Ajabu ni kwamba hapa kwetu Kenya mambo ni kinyume. Gari la mtumba linaloshushwa Mombasa halifai kuzidi miaka minane, na usukani uwe upande wa kulia. Kule uzee hufungua mlango, huku uzee huufunga! Sababu ni kwamba kule magari makuukuu ya kigeni ni machache, ya watu wanaopenda kuyatunza, ilhali kwetu mtumba ndio gari la wengi, na serikali haitaki tuwe jaa la vyuma vikuukuu.

Je, msumeno ulikata? Kwa maoni yangu ulikata, tena ulimkata aliye juu. Lakini sitakuficha: ni fedha zilizowalipa mawakili wale. Utingo wa matatu hangeweza kufika Kongresi. Hata hivyo, kuna tofauti kubwa kati ya kuibadilisha sheria mchana kweupe, ikaandikwa na kumfaa kila mwenye gari kama hilo, na kuinunua gizani kwa ajili ya mtu mmoja. Ya kwanza huacha sheria ikiwa hai; ya pili huiua.

Kwa hivyo ndugu zangu, siku mkiwa maafisa wa forodha, na wengine mkiwa na magari ya fahari, mkumbuke gari lililosubiri miaka 13. Kwaherini!