Usiuze redio ya babu kabla hujaitazama mgongoni

Je, mpenzi msomaji, kule kwenu mashambani kuna redio kuukuu inayokula vumbi juu ya kabati? Kuna familia moja ya Shinyalu, Kakamega, ambayo nusura ikosane kwa sababu ya redio ya marehemu baba yao. Kifungua mimba alitaka kuiuza kwa bei ya kuku wawili. Kitinda mimba naye aliapa kwamba thamani yake ni ng'ombe mzima. Wote walibahatisha tu.

Uzee pekee hauifanyi redio kuwa adimu. Zile za transista zilienea sana vijijini kuanzia miaka ya 1960 kwa kuwa zilitumia mawe, na nyumba nyingi hazikuwa na stima. Zilinunuliwa kwa wingi, kwa hivyo bado zipo nyingi. Za valvu zilizozitangulia zilikuwa ghali na ziliingia nyumba chache. Hizo ndizo wakusanyaji huzitafuta zaidi. Ukikutana na Saucepan Special, ile ya mviringo kama sufuria iliyotengenezwa na Ever Ready mwaka wa 1949 kwa ajili ya Rhodesia ya Kaskazini (sasa Zambia), tafadhali usiwaachie kuku waitagie mayai!

Soma pia majina ya miji kwenye kioo cha stesheni. Ukiona Leopoldville, basi huenda redio hiyo ilitengenezwa kabla ya 1966, mji huo ulipoitwa Kinshasa.

Kisha igeuze. Kifuniko cha nyuma kipo? Modeli na nambari yake zinasomeka? Vifungo vyote ni vyake? Hapa ndipo redio nyingi huanguka mtihani, kwani mafundi wetu walizoea kung'oa spika ya hii na kuitia ile. Nzima ya kawaida yaweza kuwa adimu kuliko kongwe iliyonyofolewa.

Na usiipake vanishi ukidhani unaiongezea bei. Ya valvu iliyokaa miaka mingi usiichomeke kwenye stima kabla fundi hajaikagua. Kapasita zilizochakaa zaweza kuiunguza, na nyumba pia.

Ile ya Shinyalu ilipogeuzwa, ilionekana ni ya transista, ya kawaida kabisa, ila haikukosa hata kifungo kimoja. Ndani ya kifuniko baba yao alikuwa ameandika kwa kalamu tarehe aliyoinunua. Kifungua mimba ndiye aliyeirudisha kabatini.