SABC ni ya nani? Jinsi ya kupata habari za kuaminika Johannesburg

Saa nne usiku simu inalia. Ni ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp: kesho wanakuja mjini kufukuza wageni, msitoke. Mama anayeuza mboga karibu na Joubert Park afanye nini? Akibaki ndani, siku imepita bila hela ya chakula. Akitoka, je, kama ni kweli?

Hofu hii ina sababu. Mei 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa katika mashambulizi dhidi ya wageni. Lakini uongo nao huleta madhara. Septemba 2019, vurugu zilipotokea hapa Johannesburg, ilisambazwa video ya watu wakiruka kutoka jengo linaloungua, ikidaiwa ni Afrika Kusini. Kumbe ulikuwa moto wa mji wa Surat, India, miezi kadhaa nyuma.

Kwa hiyo ni vizuri kuijua SABC, shirika la utangazaji la umma. Lilianza mwaka 1936, na televisheni yake mwaka 1976. Wakati wa ubaguzi wa rangi lilikuwa mdomo wa serikali. Leo kisheria ni mali ya umma: Bunge hupendekeza wajumbe 12 wa bodi, na Rais huwateua. Fedha zake nyingi hutoka kwenye matangazo ya biashara, nyingine kwenye leseni za televisheni.

Je, serikali haiingilii? Mwaka 2016 uongozi wa SABC ulipiga marufuku kuonyesha picha za waandamanaji wakiharibu mali ya umma. Waandishi wanane waliopinga wakafukuzwa kazi. Mamlaka ya utangazaji, ICASA, iliagiza marufuku ile iondolewe, na waandishi wakarudishwa baada ya kesi kwenda mahakamani. Shirika lina kasoro zake, lakini hapa lina wa kulihoji.

Mambo ya kujua:

Redio haina leseni. Televisheni inayo: ya nyumbani ni randi 265 kwa mwaka, na dukani watakuuliza leseni kabla ya kukuuzia seti.

SABC ina redio kwa lugha zote kubwa za nchi. Ukijua Kiingereza, tafuta SAfm, kati ya 104 na 107 FM. Kama unajifunza Kizulu, Ukhozi FM ni mwalimu wa bure.

Kiswahili kipo pia. Channel Africa, idhaa ya SABC kwa ajili ya bara zima, hutangaza kwa Kiswahili kutoka Auckland Park, kilomita chache tu kutoka hapa. Masafa mafupi yalifungwa 2019. Siku hizi isikilize kwa intaneti.

SABC si peke yake. e.tv, kituo binafsi kilichoanza 1998, nacho huonekana bila malipo ya mwezi. Habari ikitajwa na vituo viwili tofauti, ina uzito zaidi.

Ukisikia redio au televisheni ikiwatukana wageni au kuchochea chuki, una haki ya kulalamika kwa tume ya malalamiko ya utangazaji, BCCSA. Ni bure, ila usipitishe siku 30. Andika jina la kituo, tarehe na saa.

Turudi kwa yule mama. Kwanza, asiutume ujumbe ule kwa mtu mwingine. Pili, afungue redio wakati wa taarifa ya habari. Tatu, ampigie mtu anayekaa mtaa uliotajwa na kumuuliza anaona nini kwa macho yake. Redio ikinyamaza haina maana kwamba mtaa ni salama, maana waandishi hawafiki kila kona. Jirani akithibitisha hatari, abaki ndani na kupiga polisi, 10111. Asipoona kitu, na redio haina habari hiyo, mama ana jambo la kumsaidia kuamua, si woga peke yake.