Taksiri ya Tabibu Mbele ya Mizani ya Sheria

Mtu aliyeingia hospitalini kwa miguu yake akatolewa kwa machela, au mama aliyekwenda kujifungua akarejea nyumbani na nguo za mtoto zisizovaliwa, ana haki iliyo wazi ya kuuliza ni nini kilichompata, na akikosa jibu kwa tabibu ana haki ya kulitafuta kwa hakimu. Lakini wakili aliyezoea madai ya namna hii hujua tangu siku ya kwanza jambo ambalo mteja wake, kwa wingi wa majonzi, aghalabu halijui: ya kwamba mahakama haiulizi tu kama tabibu alikosea, bali yauliza pia kama kosa lile ndilo lililoleta madhara, na katika maswali haya mawili la pili ndilo zito zaidi.

Sijui kisa kinachobainisha jambo hili kwa uwazi, wala kwa uchungu, kuliko kile cha walinzi watatu wa London. Alfajiri ya siku ya kwanza ya Januari 1966 walinzi hao walikunywa chai kazini, na muda si muda wakashikwa na kutapika kusikokoma. Wakajikokota hadi chumba cha dharura cha hospitali moja ya Chelsea, ambako muuguzi wa zamu alimpigia simu daktari, naye daktari, ambaye mwenyewe hakuwa mzima siku hiyo, akaagiza waambiwe warudi nyumbani wakawaite madaktari wao, pasi na kutoka kuwatazama. Mmoja wao akafa siku ile ile, na uchunguzi wa maiti ukadhihirisha kwamba chai ile ilikuwa na sumu ya aseniki. Mjane wake akafungua shauri, na jaji hakusita kusema ya kwamba tabibu asiyemtazama mgonjwa aliyekwisha kufika mlangoni pake ametaksiri. Walakini mashahidi wataalamu walieleza kwamba hata lau mgonjwa yule angelazwa, akapimwa na sumu ikatambuliwa, dawa ya kuiondoa isingemfikia kwa wakati, na kwa hiyo angekufa vilevile. Mjane akashindwa. Kila nikisomapo kisa hiki huona dhuluma kwa jicho la moyo na insafu kwa jicho la sheria, wala siwezi kulifumba hata moja.

Kisa hicho cha ugenini chatuhusu kwa sababu Kenya, Uganda na Tanzania zilirithi kutoka kwa Waingereza ile sheria itokanayo na hukumu za majaji, hata leo wakili asimamaye mbele ya Mahakama Kuu, Mombasa au Dar es Salaam, huzitaja hukumu hizo sambamba na zile za majaji wetu wenyewe. Kwa sheria hiyo mdai hana budi kuthibitisha ya kuwa tabibu alikuwa na wajibu juu yake, ya kuwa wajibu ule haukutimizwa kwa kiwango kinachostahili, ya kuwa yeye amepata madhara, na ya kuwa madhara hayo yametokana na upungufu ule na si na maradhi yenyewe. Wajibu hauna matata, kwani tabibu akishampokea mgonjwa umekwisha mfunga. Wala mdai hatakiwi kuifikia yakini ile ya kesi za jinai, isiyobakiza shaka. Yatosha aonyeshe kwamba yaelekea zaidi mambo yalikuwa kama asemavyo yeye kuliko kinyume chake.

Kiwango kinachostahili ndicho kilichowashughulisha majaji kwa muda mrefu. Mwaka 1954 Bwana Bolam, aliyekuwa akiugua sonona, alitibiwa kwa mshtuko wa umeme katika Hospitali ya Friern, London, bila kupewa dawa ya kulegeza misuli na bila kushikwa barabara, na kwa mtikisiko ule mifupa ya nyonga zake ikavunjika. Shauri liliposikilizwa mwaka 1957, Jaji McNair aliwafahamisha wajumbe wa juri ya kwamba daktari hana hatia maadam alitenda kama ambavyo kundi la madaktari wenye ujuzi huo wangekubali kuwa ni sawa, hata kama wako wengine ambao wangetenda vingine. Na kwa kuwa madaktari wa zama zile walihitilafiana juu ya dawa ile, Bolam akashindwa. Kwa miaka arobaini kanuni hii iliwafaa sana madaktari, maana ilikaribia kuwaachia wao wenyewe wawe mahakimu wa nafsi zao, mpaka mwaka 1997, katika shauri la Bolitho, majaji wa Baraza la Malodi walipotamka kwamba rai ya wataalamu haipokewi kwa wingi wao wala kwa ukubwa wa vyeo vyao, bali lazima isimame kwa hoja inayokubalika na akili. Naona hapa ndipo sheria iliporudi mahali pake, kwani tabibu ni shahidi wa elimu yake, na hukumu ni ya jaji.

Hata hivyo si haki kumhukumu mtu wa jana kwa elimu ya leo. Mwaka 1947 wagonjwa wawili wa Uingereza walipooza baada ya kuchomwa dawa ya ganzi katika uti wa mgongo. Chupa ndogo za dawa ile zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya fenoli, nayo, kama ilivyoaminika katika shauri, ilipenya kupitia nyufa nyembamba zisizoonekana kwa macho. Shauri lilipofika Mahakama ya Rufaa mwaka 1954, hatari ya nyufa zile ilikuwa imekwisha julikana kwa kila daktari wa nusukaputi, lakini majaji walikataa kuutazama mwaka 1947 kwa miwani ya mwaka 1954, na wale wawili hawakupata kitu.

Yako mambo, kwa upande mwingine, ambayo hujisemea yenyewe, na hapo mzigo wa kueleza humwelekea aliyeshika kisu. Wasomaji wa Tanzania hawajasahau Novemba 2007, pale Taasisi ya Mifupa Muhimbili, ambapo wagonjwa wawili waliokuwa na jina la kwanza moja walibadilishwa: aliyekuwa na maradhi ya goti akapasuliwa kichwa, na aliyekuwa na maradhi ya kichwa akapasuliwa goti. Mwaka 2018 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, nayo ilimfungua kichwa mgonjwa asiyehitaji kufunguliwa, akidhaniwa kuwa mwenziwe. Baina ya matukio hayo mawili, mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limekwisha toa orodha fupi ya kuhakikishwa katika chumba cha upasuaji, ambayo miongoni mwa mambo yake ya awali ni kuuliza jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na mahali penyewe pa mwili kabla ya wembe kugusa ngozi. Katika kisa kama hicho mdai hana haja ya kumtaja mtumishi fulani aliyekosea. Liko shauri la Cassidy la mwaka 1951, la mtu aliyekwenda kutibiwa vidole viwili vilivyokakamaa akatoka na vinne vilivyokakamaa na mkono usiofaa kitu: hospitali ilipaswa ieleze, haikuweza, na ikabeba dhima ya watumishi wake wote kwa pamoja. Nalipenda fundisho hili kwa sababu haliachi lawama yote imwangukie muuguzi mmoja aliyeachwa peke yake usiku na wodi nzima, ilhali waliompangia zamu ile wamelala.

Lipo pia kosa ambalo halimo mkononi mwa mpasuaji bali ulimini mwake, yaani kunyamaza. Katika shauri la Montgomery, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015, mama mwenye kisukari na umbo dogo hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto wake yaweza kukwama wakati wa kuzaliwa, hatari iliyofikia asilimia 9 au 10 kwa wanawake wa hali yake. Mtoto alikwama kweli, akapata ulemavu wa maisha, na fidia ikafikia pauni milioni 5.25. Majaji waliamua kwamba kipimo cha yanayopasa kuelezwa si desturi ya madaktari, bali ni lile ambalo mgonjwa mwenye busara, katika hali ile, angelitaka kulijua. Kenya nayo, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, imempa mgonjwa haki ya kuelezwa hali yake, njia zilizopo za matibabu pamoja na faida, hatari na gharama zake, na kila iwezekanapo aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Na bado mgonjwa asiyejua Kiingereza huletewa karatasi ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiingereza, akiwa amekwisha vishwa gauni la upasuaji, akaonyeshwa mahali pa kutia dole gumba. Wakili mwenye macho huitazama karatasi hiyo kabla ya nyingine zote.

Maana kazi yenyewe, ukiiondolea joho na kiti cha jaji, ni kazi ya karatasi. Mteja anapomaliza kusimulia, na wakili mwema humwacha asimulie mpaka amalize, kinachofuata ni kuomba nakala ya faili lote la mgonjwa: maandishi ya daktari na ya wauguzi, chati ya dawa, karatasi ya nusukaputi, majibu ya maabara, picha za eksirei, na kwa mama aliyejifungua ile chati ya uchungu ambamo mkunga hutakiwa kuandika, saa baada ya saa, mapigo ya moyo wa mtoto na jinsi njia inavyofunguka. Wakili hupanga yote kwa tarehe na saa, naye hutafuta zaidi yale ambayo hayakuandikwa, kwa mfano saa nne za usiku ambazo hakuna mkono wowote uliogusa chati, au wino mmoja ulioandika zamu tatu. Pengo la namna hiyo laweza kusema kuliko shahidi. Mgonjwa akiwa amefariki, uchunguzi wa maiti hufaa ufanyike mapema na, ikiwezekana, mbele ya daktari aliyeteuliwa na familia. Najua jinsi ombi hilo lilivyo zito kwa watu waliokwisha andaa sanda na wanaotaka kuharakisha mazishi, lakini asiyelitoa siku ile huenda asiweze kuthibitisha tena sababu ya kifo.

Kisha faili hupelekwa kwa daktari bingwa wa fani ileile ili alisome na kutoa rai, na hapo ndipo mashauri mengi hukwama. Jumuiya ya mabingwa katika nchi zetu ni ndogo, walisoma pamoja na hukutana kila siku, na si wengi walio radhi kusimama kizimbani kumtolea ushahidi mwenzao. Wakili mwaminifu hamtafuti bingwa wa kumwambia anayotaka kuyasikia. Humtafuta wa kumwambia kweli, na kweli ikiwa ni kwamba tabibu alifanya yote yaliyopasa na maradhi yakamshinda, wakili humwita mteja akamweleza hivyo ana kwa ana. Kumrudisha mtu kwao kwa maelezo ya kweli ni huduma, nami naihesabu kuwa sehemu bora ya kazi hii.

Yote haya hufanyika huku muda ukikatika. Kenya na Tanzania zote mbili zimeweka miaka 3 kwa madai ya madhara ya namna hii. Lakini Kenya, anayeishtaki Serikali kwa kosa kama hilo ana miezi 12 tu, na Tanzania anayetaka kuishtaki Serikali sharti kwanza aipe taarifa ya siku 90. Mahakama ya Kenya yaweza kumruhusu aliyechelewa kwa kutojua mambo ya msingi ya shauri lake, mathalani kwamba maumivu yake yalitokana na kitambaa kilichosahaulika tumboni, lakini ruhusa hiyo huombwa kwa ushahidi, wala haitolewi kwa kuhurumiwa. Kuhusu gharama, wasomaji wajihadhari na wakili asemaye kwamba atachukua sehemu ya fidia iwapo atashinda, na asiposhinda hatachukua kitu, kwani Sheria ya Mawakili ya Kenya imelibatilisha patano la namna hiyo. Na kila gharama ambayo mdai anataka kurejeshewa, kuanzia dawa mpaka nauli ya kwenda kliniki, hudaiwa kwa risiti. Basi risiti zitunzwe.

Si kila mwenye kinyongo aende mahakamani kwanza. Baraza la Madaktari Tanganyika, na kwa Kenya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, hupokea malalamiko, huchunguza na huweza kumwadhibu daktari hata kumfuta katika daftari; na ingawa jaji hafungwi na uamuzi wa baraza, yaliyofichuliwa huko aghalabu humsaidia mdai. Iko pia njia ya katiba. Mwaka 2013, katika hospitali ya umma ya Bungoma, mama mmoja alijifungulia sakafuni kwa kukosa kitanda, akapigwa na kutukanwa na wauguzi, mambo yaliyonaswa katika picha za video. Hakulilia mkono uliovunjika wala mtoto aliyekufa, na kwa kipimo cha madhara ya mwili shauri lake lingeonekana dogo. Bali alilalamikia utu wake. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilitamka kwamba haki zake zilivunjwa, ikamwamuria shilingi milioni 2.5, na pamoja na fedha hizo ikaamuru aombwe radhi rasmi.